Yai, Maziwa na Masikio: Kinyamadege Mbele ya Mahakimu Wengi

Mwezi wa Agosti 1884, kando ya mto Burnett katika koloni la Queensland, Australia, bei ya unga ilikuwa ikipanda kila ekidna walipopatikana kwa wingi. Mwenye unga alikuwa William Hay Caldwell, kijana mtaalamu wa viumbe kutoka Cambridge. Wenye njaa walikuwa Waaborijini aliowaajiri wamsakie ekidna, mnyama mwenye miiba, na vinyamadege majike waliokaribia kutaga. Kwa kila ekidna jike alilipa nusu krauni, kisha akawauzia unga, chai na sukari kwa bei iliyopanda sambamba na mawindo, ili fedha ile isiwashibishe na kesho wawinde tena. Haya hayakusimuliwa na maadui zake. Aliyaandika mwenyewe, bila haya. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema. Huku mgeni alikuja na mwenyeji akazidi kukonda.

Njaa ile ilizaa matunda. Caldwell alimpiga risasi kinyamadege aliyekuwa ameshataga yai moja, la pili likiwa mlangoni pa mji wa mimba. Akatuma telegramu ya maneno manne iliyofikishwa Montreal, Kanada, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza, ikasomwa tarehe 2 Septemba: wanyama hawa hutaga, na yai lao hugawanyika upande mmoja tu juu ya kiini kikubwa, kama la ndege au mjusi. Siku hiyo hiyo, mjini Adelaide, Wilhelm Haacke aliwaonyesha wenzake mabaki ya yai la ekidna aliloliokota katika mfuko wa mama. Mabara mawili, jibu moja, siku moja.

Lakini ngozi ya kwanza ya kinyamadege, yule anayejulikana pia kama platipasi, ilikuwa imetumwa Uingereza na Gavana John Hunter wa New South Wales mwaka 1798, na George Shaw wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akamwelezea kitaalamu mwaka uliofuata. Toka hapo hadi telegramu ni miaka 85. Wanazuoni wakubwa wa Ulaya walibishana kizazi baada ya kizazi juu ya swali ambalo jibu lake lilikuwa shimoni ukingoni mwa mto, na waliokuwa wakiishi kando ya mto huo walikuwa wameshalitoa. Mwaka 1822 daktari Patrick Hill aliwaandikia Linnean Society ya London kwamba kiongozi mmoja wa wenyeji, aliyemwita Cookoogong, amesema ni jambo linalojulikana wazi kwao: mnyama huyu hutaga mayai mawili, yenye ukubwa, umbo na rangi kama ya mayai ya kuku.

Tuupime ushahidi huo kwa haki. Mawili: sahihi, ndiyo idadi ya kawaida. Ukubwa wa yai la kuku: si sahihi hata kidogo. Yai la kinyamadege halizidi sana milimita 17 kwa urefu, gamba lake ni laini kama ngozi, na mayai mawili hutoka yameshikana. Huenda mkalimani aliteleza, huenda Hill ndiye aliyetafuta mfano wa karibu akaangukia kuku. Hata hivyo, kwa lile lililokuwa likigombaniwa Ulaya, yaani anataga au hatagi, Cookoogong alikuwa ameshinda miaka 62 kabla ya telegramu. Asiyekuwapo na lake halipo: katika kumbi za London na Paris hakuwapo, na lake halikuwapo.

Ni rahisi kulimaliza hili kwa kusema wakoloni waliwadharau wenyeji. Waliwadharau, ndiyo. Lakini dharau peke yake haielezi kwa nini walikataana wao kwa wao. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, Mfaransa aliyewapa wanyama hawa jina la kundi lao mwaka 1803, alishikilia kwamba wanataga na kwa hiyo si mamalia. Johann Meckel, Mjerumani, alizikuta tezi za maziwa tumboni mwa jike miaka ya 1820. Geoffroy akakataa kwamba ni tezi za maziwa. Richard Owen wa London alikubali maziwa mwaka 1832, na kwa kuwa alikubali maziwa akakataa yai: akadai kwamba yai huanguliwa ndani ya mama na mtoto huzaliwa mzima. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli na kuitumia kuipiga nusu ya mwenzake.

Kilichowafunga ni kanuni. Tangu Aristotle, Ulaya ilikuwa imefundishwa kwamba mnyama wa miguu minne mwenye manyoya huzaa, na mwenye magamba hutaga. Linnaeus aliposimika kundi la Mamalia kwa msingi wa titi mwaka 1758, kanuni ile ya kale ilihamia ndani ya jina jipya: anayenyonyesha anazaa. Hakuna aliyeithibitisha. Ilikuwa haijawahi kukanushwa tu, kwa sababu walioitunga hawakuwahi kufika Australia.

Hapa napenda kumwita hakimu wa tatu, ambaye wasomaji wa pwani hawatamwona mgeni. Katika elimu ya Waarabu kuna kauli ya kale inayotajwa sana pamoja na jina la Al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa karne ya 9 aliyetunga kitabu kikubwa juu ya wanyama: kila mwenye masikio yaliyochomoza huzaa, na kila mwenye tundu tu la sikio hutaga. Ni kanuni ya mfugaji na msafiri wa jangwani, haitaji manyoya wala maziwa. Sasa mlete kinyamadege mbele yake. Kichwani hana sikio la nje. Ana tundu tu, lililo katika mfereji mmoja na jicho, na akizama mfereji huo hujifunga, macho na masikio pamoja. Hukumu: anataga. Mlete ekidna: tundu la sikio limefichwa chini ya manyoya na miiba. Anataga. Mlete kangaruu na masikio yake marefu: anazaa. Kipimo cha Bedui kingepata jibu sahihi kwa wanyama wote watatu ambao hakuwahi kuwaona, pale Owen na darubini yake aliposhindwa.

Ningefurahi kuishia hapo, ila kanuni hii nayo ina aibu zake. Pomboo hana sikio la nje, na anazaa. Kifutu hana hata tundu, na anazaa makumi ya watoto. Kakakuona wa nyika zetu hana sikio lililochomoza, na huzaa mtoto mmoja akambeba mgongoni juu ya mkia. Kwa hiyo masikio hayakuwa siri ya uzazi. Ilikuwa bahati njema ya kanuni moja kukutana na mnyama anayeikubali, kama ilivyokuwa bahati mbaya ya Owen kukutana na anayeikataa.

Na huyu kakakuona ndiye anayenifanya niamini kwamba swali la kinyamadege si la Australia pekee. Kila jamii ina mnyama wake anayevuka mpaka. Kwa Walele wa Kasai, nchini Kongo, ambao mwanaanthropolojia Mary Douglas aliishi nao kuanzia mwaka 1949, kakakuona wa mitini alikuwa na magamba kama samaki, akipanda miti, akinyonyesha, na akizaa mmoja mmoja kama binadamu. Walele hawakumfanyia mkutano wa kumwainisha. Walimpa chama. Nyama yake iliruhusiwa kwa wanaume waliotimiza masharti tu, likiwamo la kuwa wamezaa mtoto wa kiume na wa kike, na uchawi wake ulihusu uzazi na bahati ya mawindo. Wapo wanaanthropolojia waliombishia Douglas tafsiri yake baadaye, lakini picha ya msingi imebaki. Katika sehemu nyingi za Tanzania, kakakuona akionekana watu hukusanyika, wazee huitwa, vitu huwekwa chini mbele yake: nafaka, maji, jembe, silaha. Anachokiendea ndicho mwaka utakacholeta. Mtazamaji hapo haulizi huyu ni wa jamii gani. Anauliza amekuja kusema nini.

Mfano ulio karibu zaidi na kinyamadege uko Papua, upande wa Indonesia, kwenye milima ya Cyclops. Huko anaishi ekidna wa mdomo mrefu aliyepewa jina la David Attenborough, ambaye sayansi ilikuwa na sampuli yake moja tu, ya mwaka 1961, hadi kamera za msafara ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford zilipomnasa mwaka 2023, siku ya mwisho ya safari. Kijiji cha Yongsu Sapari kina desturi ya kumaliza ugomvi kwa kumtuma mmoja wa wagombanao mlimani kumtafuta ekidna, na mwenzake baharini kumtafuta samaki wa marlini. Wote wawili ni adimu kiasi kwamba upekuzi unaweza kula miaka mingi, na hasira huchoka kabla ya miguu. Wakipatikana, ugomvi umekwisha. Nakiri kwamba nimeipenda desturi hii kuliko nyingi nilizosoma, hasa nikiukumbuka ule ugomvi wa Geoffroy, Meckel na Owen: nao walihitaji ekidna apatikane ili wanyamaze, ila wakati huo wawili kati yao walikuwa wameshafariki na wa tatu alikuwa mzee wa miaka 80.

Wayuwaalaraay wa kaskazini mwa New South Wales, Australia, walikwenda njia nyingine, ya hadithi. Katie Langloh Parker, aliyeishi kando ya mto Narran, aliichapisha mwaka 1898. Bata jike kijana alipuuza maonyo ya wenzake, akaogelea mbali chini ya mto. Panya wa maji mwenye mkuki akamteka na kumfanya mke. Akatoroka, akarudi kwao, akataga pamoja na wenzake. Vifaranga vyake vikatoka na mdomo wa bata na utando wa vidole, lakini miguu ni minne, manyoya ya mnyama badala ya manyoya ya ndege, na nyuma ya mguu kuna kitu kama mkuki wa baba. Bata wengine wakamkimbia. Akahamia mbali milimani na watoto wake.

Itazame hadithi hii kwa jicho la mtaalamu wa viumbe. Yai lipo, bila ubishi wowote. Linatagwa katikati ya masimulizi kama jambo lisilohitaji kuelezwa. Manyoya yapo. Na mkuki upo mahali pake: dume la kinyamadege lina kikwaru kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mfano wa kile cha jogoo, kilichounganishwa na tezi ya sumu pajani. Sumu hiyo huongezeka msimu wa kupandana, jambo linaloonyesha kuwa imekusudiwa madume wenzake. Kwa binadamu haiui, lakini maumivu yake hukaa siku nyingi na hata mofini huyatuliza kwa shida. Kwamba silaha imetoka kwa baba ni uchunguzi mzuri, maana majike hukipoteza kikwaru wangali wachanga.

Sasa rudi London, kwa Shaw. Inasimuliwa kwamba alishika mkasi akaikagua ngozi kwenye mdomo, akitafuta mshono wa tapeli aliyeunganisha bata na mnyama mwingine. Na katika maandishi yake alikiri kwamba mtu angeweza kushuku hila ya aina hiyo. Mshono wa Shaw na ndoa ya bata na panya ni wazo moja. Wote wawili walimwona mchanganyiko, mmoja akamtafuta fundi, mwingine akawatafuta wazazi. Kwangu mimi swali la Wayuwaalaraay ndilo lililokuwa bora, ingawa jibu lao halikuwa sahihi. Ulaya iliuliza huyu aingie kundi gani, nao waliuliza ametokana na nani. Hilo la pili ndilo swali la mageuko ya viumbe, na Ulaya ililifikia kwa uzito baada ya Charles Darwin, ambaye naye aliwatazama vinyamadege wakicheza mtoni Wallerawang, magharibi ya Sydney, Januari 1836, akiwa bado hajajua atakachokuja kuandika.

Hata Darwin alimwita baadaye kisukuku hai, na jina hilo limetudhuru. Linatufanya tumwone kama mzee aliyesahauliwa na wakati. Mdomo wake si wa bata wala si wa kale. Ni laini, una ngozi yenye neva tele, na mwaka 1986 watafiti walitangaza kwamba unanusa umeme: una vipokezi takriban 40,000 vinavyohisi mkondo dhaifu unaotoka kwenye msuli wa uduvi anapojikunja. Kinyamadege akizama hufumba macho, huziba masikio na pua, kisha hupeleka kichwa kulia na kushoto matopeni akiusikiliza umeme huo. Hana tumbo la kuyeyushia chakula kwa asidi. Jeni za kazi hiyo zimepotea. Ana kromosomu kumi za jinsi, sisi tuna mbili. Hakuna babu yetu aliyekuwa hivyo. Amekuwa akibadilika muda ule ule tuliokuwa tukibadilika, kwa njia yake.

Alichobakiza cha kale ni yai. Ukoo wa mamalia uliachana na ukoo wa mijusi na ndege zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na muda mrefu baada ya hapo wote walikuwa wakitaga. Ukoo wa kinyamadege na ekidna, kwa hesabu ya jeni iliyochapishwa mwaka 2021, uliachana na wetu karibu miaka milioni 187 iliyopita. Maziwa yalikuwa yameshakuwapo. Mtafiti Olav Oftedal ametoa hoja kwamba yalianza kama unyevu wa tezi za ngozi, wa kulilowesha yai lenye gamba laini lisikauke, ndipo yakawa chakula. Kama ni hivyo, Geoffroy na Owen walikuwa wakitenganisha vitu viwili ambavyo mwanzoni kimoja kiliwekwa kwa ajili ya kingine. Mpaka leo kinyamadege hana chuchu; maziwa hutoka kama jasho kwenye ngozi ya tumbo na mtoto huyalamba manyoyani.

Kuna jambo la kijiografia linalonifurahisha. Katika nchi hiyo hiyo ya Wayuwaalaraay, karibu na mto Narran, kuna machimbo ya opali ya Lightning Ridge. Kutoka humo lilipatikana taya dogo lenye meno matatu, mfupa wote umegeuka opali, la mnyama aliyeitwa Steropodon mwaka 1985: jamaa wa kinyamadege aliyeishi takriban miaka milioni 100 iliyopita, meno yake bado kamili. Kinyamadege wa leo akiwa mchanga huwa na vijino vinavyong'oka mapema, kisha hutafunia mabamba magumu. Waliosimulia ndoa ya bata na panya walikuwa wakitembea juu ya jamaa wa kale wa mtoto wa ndoa hiyo.

Na kangaruu? Huyu historia yake ya kutoeleweka ni fupi zaidi, kwa sababu alionekana anazaa, ingawa hakuna aliyeona vipi. Mwaka 1500 baharia Vicente Yáñez Pinzón alimchukua oposamu jike, mnyama wa mfuko kama kangaruu, kutoka Brazili akampeleka Hispania, na inasimuliwa kwamba mfalme na malkia waliingiza vidole mfukoni mwake kwa mshangao. François Pelsaert, Mholanzi ambaye meli yake ilivunjika kwenye visiwa vya Abrolhos mwaka 1629, alitazama ndani ya mfuko wa kangaruu mdogo wa huko, akaona mtoto sawa na harage ameng'ang'ania chuchu, akaamua kwamba watoto huota pale pale kwenye titi kama tunda. Walowezi wa Amerika Kaskazini walikwenda mbali zaidi: waliamini oposamu hupandana kwa pua. Wameksika wa kale, kwa upande wao, walitumia mkia wa oposamu kama dawa ya mama aliyeshindwa kujifungua. Naona wao walikuwa wameutazama uzazi wa mnyama huyu kwa umakini zaidi kuliko walowezi, hata kama dawa yenyewe siwezi kuitetea.

Pelsaert si wa kuchekwa. Kangaruu mwekundu hubeba mimba siku 33 tu, na anayezaliwa hafikii uzito wa gramu moja. Macho yake hayajakua, miguu ya nyuma ni vinundu, ila mikono ya mbele ina kucha na nguvu. Kwa mikono hiyo hupanda manyoya ya mama peke yake, dakika chache, hadi mfukoni. Akiikamata chuchu huvimba kinywani mwake, na kumvuta kwa nguvu ni kumjeruhi. Mfukoni hukaa zaidi ya miezi saba. Nje kuna kaka yake anayekuja kunyonya chuchu ya pembeni, na mama huwatolea maziwa mawili tofauti kwa wakati mmoja, ya mchanga na ya mkubwa. Ndani ya tumbo kuna wa tatu, kiinitete kilichosimamishwa kukua kikisubiri mfuko uwe wazi. Wanaomweka kangaruu katikati, kama daraja kati ya yai na mimba yetu, waangalie hesabu hiyo tena. Huo si uzazi uliokomea nusu njia. Ni njia nyingine, na katika nchi ya ukame usiotabirika pengine ni bora: mvua isiponyesha, mama hupoteza gramu chache na kumwamsha yule anayesubiri.

Ukoo wake ulifika Australia kutoka Amerika Kusini kupitia Antaktika, wakati mabara hayo yalikuwa yameshikana na Antaktika ilikuwa na misitu. Afrika ilikuwa imeshajitenga zamani. Fayum, nchini Misri, imetoa visukuku vya jamaa wa mbali wa oposamu, lakini hawakuacha mjukuu. Ndiyo maana Serengeti haina mnyama wa mfuko.

Dalili za yai, hata hivyo, hazikukoma kwa kangaruu. Mimba yake huzungukwa sehemu kubwa ya muda na utando mwembamba wa gamba, unaopasuka mwishoni. Na hazikukoma kwetu. Ndege wana jeni tatu za kutengeneza protini ya kiini cha yai. Kinyamadege amebakiwa na moja inayofanya kazi. Katika jeni za binadamu, watafiti waliochapisha mwaka 2008 walikuta mabaki yake yaliyovunjika, yakiwa bado mahali pake. Mwanamke mwenye mimba ya wiki sita akipimwa kwa altrasaundi, kile kiduara kidogo kando ya kiinitete ambacho mpimaji hukitafuta kwanza, na kukipima upana ili ajue kama mimba inakwenda vizuri, ni mfuko wa kiini cha yai. Kiini chenyewe hakimo.